Smithing 70 na mishale ya Iron: shida yako si upinde

"Habari kaka. Niko Njoro, nacheza Skyrim Special Edition kwa laptopu ya kakangu tangu tufunge chuo. Nilichagua kabila la Bosmer juu niliambiwa hao ndio wapiga upinde. Saa hii niko levo 22 lakini Archery iko 38 tu. Smithing iko 70, Lockpicking 55, Speech 50, Sneak 33. Niko na upinde wa Dwarven na mishale ya Iron kama mia tatu hivi, na kila Draugr, wale maiti wanaotembea, anameza mishale zaidi ya ishirini na bado anakuja. Difficulty nimeweka Master. Nimeshika Thief Stone, lile jiwe la kuharakisha skili. Juzi nilikaa karibu masaa mawili nikipiga zile shabaha za mbao, skili haikusonga hata pointi moja. Rafiki yangu anasema upinde kwa hii gemu ni bure, nianze upya na panga, mwingine anasema nitafute tu upinde wa Daedric. Halafu pia siku hizi vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi nikicheza sana. Nifanye nini?"

Dadangu, kwanza pole, na usifute hiyo gemu. Nimesoma swali lako mara mbili, na kwa kweli umenipa kila kitu nilichohitaji, watu wengi huniandikia tu "upinde wangu haufanyi" bila namba hata moja. Mimi niko Kisumu, nimekaa na hii gemu tangu 2012, na wapiga upinde ndio napenda kuwasaidia zaidi kwa sababu wakianza vibaya wanaumia sana ila wakishapata njia hakuna mtu anawafikia.

Wewe kwa ufupi unaogopa kwamba umepoteza masaa yako na upinde ni njia mbaya. Sio hivyo. Kuna vitu kama vitatu vinakukaba kwa wakati mmoja na hakuna hata kimoja ambacho upinde wa Daedric utakitatua, na dawa ya kile kikubwa zaidi unayo tayari, iko kwa hiyo Smithing yako ya 70.

Wacha nianze na hii ya levo kwa sababu ndio mzizi. Skyrim haikupandishi levo kwa kuua maadui. Inakupandisha kwa skili, na kila skili ikipanda pointi moja inakupa pointi za levo sawa na ile namba imefikia, yaani Smithing ikitoka 69 kuingia 70 umepata 70. Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Bosmer anaanza na Smithing 15, kuifikisha 70 kumekupa pointi 2,365 za levo. Archery Bosmer anaanza 25, kuifikisha 38 kumekupa 416. Umeona? Levo yako 22 imejengwa na uhunzi, kufungua makufuli na kuuza vitu sokoni, upinde umechangia kidogo sana. Lakini gemu haijui hivyo, inaangalia ile 22 na kukuletea maadui wa 22. Ni kama mtoto amepandishwa hadi Form Three kwa sababu ya kuimba vizuri kwaya na kucheza mpira, halafu mtihani wa hesabu anapewa ule wa Form Three, sio ule anaouweza. Wale Draugr wa mwanzo wa levo 1 hawakuji tena peke yao, sasa unapata Restless ambaye ni levo 6, Wight wa 13, na ukiwa 22 tayari Scourge wa levo 21 anaanza kutoka kwa jeneza. Huyo ndiye anakumeza mishale.

Na hapa hauko peke yako kabisa. Mimi mwenyewe 2013 nilikaa pale mji wa Whiterun ndani ya gemu nikitengeneza visu vya Iron usiku na mchana kwa sababu kuna mtu aliniambia ndio njia ya haraka, nikatoka pale levo kubwa na mkono mtupu, jambazi wa kwanza akaniangusha. Hiyo ya visu hata ilishapitwa, tangu patchi ya 1.5 ya mwaka 2012 Smithing inapanda kulingana na thamani ya kitu unachotengeneza, lakini mpaka leo watu bado wanaambiana.

Sasa Master. Ukiweka Master unapiga nusu ya nguvu yako na wewe unapigwa mara mbili. Kwa hivyo hizo mishale ishirini, kumi umejiletea mwenyewe kwa kupanga. Ukirudisha Adept, ile difficulty ya kawaida, unapiga nguvu yako kamili, na wao wanakupiga kawaida. Najua kuna watu watakuambia Adept ni ya waoga, wapuuze tu. Nitasema ukweli pia wa upande wa pili ili usidhani nakuficha: skili ya upinde inapanda kwa kila mshale unaogonga adui, haiangalii amebakisha maisha kiasi gani, kwa hivyo Master ikikulazimisha kupiga mishale mingi kwa adui mmoja unapata pointi nyingi zaidi kwa kila adui. Hiyo ni kweli. Lakini inafaa mtu ambaye mishale haimwishii na ambaye hafi kila dakika tano, na wewe saa hii sio huyo. Rudi Adept mpaka Archery ipite 60, halafu upandishe tena pole pole, hakuna anayekukimbiza.

Kuhusu zile shabaha za mbao, pole kwa hayo masaa mawili. Mbao haitoi pointi. Lazima mshale ugonge kiumbe ambacho gemu inakihesabu, na kiasi unachopata kinategemea nguvu ya asili ya upinde ulioshika, ile kabla ya kuunoa na kabla ya peki zozote (zile nguvu za ziada unazochagua ukipanda levo). Upinde wa Long Bow una 6, wa Dwarven una 12, kwa hivyo kwa mshale mmoja ule ule wewe unajifunza mara mbili ya mtu mwenye Long Bow. Hapo ulichagua vizuri. Mahali pa pekee ninapojua shabaha zina maana ni kwa Angi, yule dada anaishi peke yake kwa kibanda milimani kusini mwa Falkreath. Mwongeleshe vizuri, atakupa mishale ya mazoezi na kukupima, ukimaliza majaribio yake yote anakupa upinde wake. Nenda hata kama huhitaji upinde, ni mahali pazuri pa kufundisha jicho lako namna mshale unavyoshuka ukienda mbali.

Haya, tuje kwa mishale, na hapa ndio naomba usome pole pole.

Gemu inajumlisha nguvu ya upinde na nguvu ya mshale. Upinde wako wa Dwarven ni 12, mshale wa Iron ni 8, jumla 20. Sasa mfuate yule rafiki wa Daedric: upinde wa Daedric ni 19, ukiuweka na mishale yako ile ile ya Iron unapata 27. Sawa, imepanda. Lakini huo upinde ni mzito, unavutika kwa karibu nusu ya kasi ya Long Bow, na wako wa Dwarven ni mwepesi kuliko huo. Sasa acha upinde wako vile ulivyo, badilisha tu mshale uwe wa Dwarven ambao ni 14. Kumi na mbili na kumi na nne ni 26. Pointi moja tu nyuma ya Daedric, na unapiga mshale wa pili wakati mwenye Daedric bado anavuta. Na hukutafuta kitu chochote cha ajabu, hukununua chochote.

Unaipata wapi mishale ya Dwarven? Unaitengeneza wewe. Special Edition inakuja na nyongeza zote ikiwemo Dawnguard, na Dawnguard ndiyo ilileta kutengeneza mishale kwa tanuri la mhunzi: kuni moja na kipande kimoja cha chuma cha Dwarven kinakupa mishale 24. Kuni kumi na vipande kumi, mishale 240. Unahitaji peki ya Dwarven Smithing, na kama Smithing yako iko 70 na bado hujaichukua basi ichukue levo inayofuata. Kuni unakata mwenyewe kwa shoka pale Riverwood. Vyuma unaingia kwa magofu ya Dwemer, ndio hao hao Dwarven, unabeba vile vyuma vikubwa vikubwa vizito, unayeyusha kwa tanuri la kuyeyushia pale Markarth au Whiterun. Usibebe sahani, vikombe na magurudumu yenye meno, hayayeyuki, yatakujazia mfuko bure mpaka ushindwe kutembea. Nakuambia hivyo kwa sababu kila mtu anayeanza anabeba masahani.

Ukiwa pale pale kwa fundi, nenda kwa jiwe la kunolea uunoe upinde wako na kipande kimoja cha chuma hicho hicho. Na Smithing 70 ukiwa na peki yake, huo upinde wa 12 utatoka pale ni kitu kingine kabisa. Nasikitika kidogo kwamba umekaa na ujuzi wote huo na hujawahi kunoa silaha unayoitumia kila siku, ila sasa unajua. Hiyo ndiyo sababu nasema usianze upya: mtu akianza upya na panga ataanza Smithing 15, wewe uko na 70, kilichobaki ni kuielekeza kwa upinde.

Kuna pia peki. Overdraw ina ngazi tano na kila ngazi inaongeza nguvu ya upinde kwa asilimia 20, ya kwanza inafunguka mwanzo kabisa, halafu 20, 40, 60 na 80. Wewe uko 38. Umekosa pointi mbili tu kufungua ngazi ya tatu, na nina shaka hata ya pili hujachukua kwa sababu peki zako nahisi zimeenda Lockpicking. Kufuli unaweza kulifungua kwa mkono na subira, hata la Master linafunguka bila peki yoyote, lakini Draugr hafunguki kwa subira. Kuanzia leo kila peki iende Overdraw mpaka ijae kadiri Archery inavyoruhusu, halafu Eagle Eye ambayo inafungua njia ya Power Shot ukifika 50. Power Shot ndiyo itabadilisha maisha yako, nusu ya mishale yako inamfanya adui ayumbe na kusimama, na adui anayeyumba hakufikii. Critical Shot sio mbaya lakini usiikimbilie.

Sneak yako iko 33 na hapo una kitu kizuri mkononi. Mshale ukimgonga mtu ambaye hajakuona, ukiwa umeinama, unapiga mara mbili. Sneak ikifika 40 unaweza kuchukua Deadly Aim, ambayo inafanya iwe mara tatu, ila lazima upitie Backstab kwanza ambayo ni 30. Sasa fikiria, ile jumla yetu ya 26 mara tatu, kabla hata ya kunoa na kabla ya Overdraw. Kwa hivyo namna ya kuingia pango ni hii: simama mlangoni, inama, ngoja jicho lililo katikati ya skrini lifumbe kabisa, vuta mshale mpaka mwisho (mshale uliovutwa nusu unatoka dhaifu, watu wengi wanaachilia mapema kwa woga), piga, halafu rudi nyuma gizani ungoje. Usipige wa pili haraka. Watazunguka wakitafuta, watachoka, watarudi mahali pao, unaanza tena. Ni kama kuvua pale Dunga na ndoana, anayetikisatikisa uzi hali samaki. Na ukitaka kutumia sumu uipake kwa upinde wenyewe, ni nzuri kwa majambazi, mmea wa Deathbell ukichanganya na Nightshade inatosha kabisa, lakini usipoteze sumu kwa Draugr, yule ameshakufa, sumu haimshiki.

Thief Stone sasa. Karibu kila mpiga upinde anakosea hapa na si kosa lenu, jina ndio linadanganya. Kwa Skyrim upinde uko upande wa Warrior, pamoja na panga na ngao na hata uhunzi. Thief Stone inaharakisha Sneak, Light Armor, Lockpicking na wenzao, Archery haipati chochote. Warrior Stone ndiyo inaongeza asilimia 20 kwa kasi ya kujifunza upinde. Hayo mawe matatu yako pamoja, kati ya Helgen na Riverwood, unaweza kubadilisha wakati wowote. Wewe hivi nakushauri ubaki na Thief kidogo tu mpaka Sneak ifike 40 uchukue Deadly Aim, halafu siku hiyo hiyo ukimbie ukashike Warrior. Kama unaona ni usumbufu kwenda na kurudi, shika Warrior leo na uache, haitakuua. Na lala kwa gesti kabla ya kwenda vitani, kitanda ni dhahabu kumi, ukiamka unajifunza kwa asilimia 10 zaidi kwa masaa manane ya gemu. Ukishageuka mbwa mwitu wa kile kikundi cha Companions hiyo ya usingizi inapotea, kwa hivyo fikiria kabla ya kunywa ile damu.

Njia ya haraka ya kuziba pengo kati ya levo na upinde ni walimu, na kwa hali yako ndiyo ningeanza nayo hata kabla ya kuingia pango lolote. Faendal wa Riverwood anafundisha mpaka 50. Unaruhusiwa mafunzo matano kwa kila levo, kwa hivyo leo leo unaweza kutoka 38 hadi 43 na Overdraw ya tatu ikafunguka. Speech yako 50 nina hakika umeuza vitu vingi, pesa haikosi. Na ukimsaidia Faendal ile kesi yake ya barua na Camilla, anakubali kutembea na wewe, na akishakuwa mwenzako unaweza kufungua mfuko wake na kuchukua zile pesa ulizomlipa. Wengine wanaona ni wizi, mimi naona mmekuwa familia sasa, amua na roho yako. Kutoka 50 kuna Aela wa Companions pale Whiterun mpaka 75, halafu Niruin wa Thieves Guild kule Riften mpaka 90.

Gia nyingine sitakaa nazo sana. Mavazi yoyote mepesi yanatosha, tafuta tu pete, mkufu, glavu na kofia zenye Fortify Archery (uchawi wa kuongeza nguvu ya upinde), hizo sehemu nne ndizo zinazokubali. Kinyago cha Krosis kina asilimia 20 ya upinde lakini kiko Shearpoint, na pale unakutana na joka na kasisi wake kwa wakati mmoja, usiende kabla ya 60. Kama unapenda kishindo kuna crossbow za Dawnguard, nazo zinatumia skili hii hii ya Archery na zina 19, ila kupakia tena kunachukua muda na mtu wa kunyata kama wewe nadhani upinde unakufaa. Nightingale Bow ni nzuri ila nguvu yake inapangwa na levo unayoipokea nayo na haibadiliki tena, kwa hivyo usiiharakishe.

Na F5, tafadhali. Kabla ya kila mlango bonyeza F5 gemu ijihifadhi. Sijui stima ya Njoro ikoje lakini huku kwetu mvua ikinyesha tu imeenda, na laptopu nyingi za kurithi betri ilishakufa.

Mwisho nirudi kwa mkono wako, kwa sababu umeuweka chini kabisa ya swali kama kitu kidogo na mimi sioni kama ni kidogo. Mpiga upinde anashikilia kitufe kimoja muda wote, kidole kimekaza, kifundo kimekunjwa juu ya ukingo wa meza, masaa mengi. Kuna neva inapita kwa kifundo ndani ya njia nyembamba, ikibanwa ndiyo unasikia ganzi kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kama unatumia ile padi ya laptopu kulenga, acha, tafuta mausi hata ya bei ndogo, kifundo kikae sawa bila kukunjika. Upinde ukishavutika mpaka mwisho haupati nguvu zaidi kwa kushikilia, kwa hivyo lenga kwanza ndio uvute, achilia, pumzisha kidole. Kila nusu saa simama, nyoosha mikono, nenda ukachote maji. Pumzika kabisa siku tatu nne uone.

Mimi ni mtu wa gemu, sio daktari, kwa hivyo hapo ndipo ushauri wangu unaishia. Ganzi ikikuamsha usiku, au ukianza kuangusha vikombe, au ikibaki hata siku ambazo hujacheza, usiniandikie mimi, nenda hospitali ya Nakuru au kliniki ya chuo uonwe na mtu akushike huo mkono, uulizie watu wa fiziotherapia. Neva iliyobanwa ikishughulikiwa mapema inapona vizuri, ikiachwa inakuwa hadithi nyingine, na unahitaji huo mkono kwa kuandika mitihani.

Kwa hivyo anza na Faendal kesho, halafu kuni, halafu magofu ya Dwemer. Archery ikigusa 50 uniandikie umechukua peki gani, tuangalie kama uende Quick Shot ama Ranger, hiyo inategemea sana unapenda kusimama mahali pamoja ama kutembea ukipiga.